Kilichomo Tumboni mwa Kopepodi

Kopepodi ni mnyama mdogo wa majini wa jamii moja na kamba na kaa. Mwili wake una umbo la punje ya mchele, kichwani ana papasi mbili ndefu, na miguu yake haitulii. Spishi zilizokwisha kupewa majina zinazidi 10,000, na nyingi huishi baharini. Wengi wao hawafiki hata milimita mbili. Calanus finmarchicus, kopepodi maarufu wa Atlantiki ya Kaskazini, ana milimita tatu hivi, na kwa kabila lake huyo ni mkubwa. Pamoja nao huelea krili, wanyama wadogo wa maji ya wazi wanaofanana na kamba, na viluwiluwi wa kaa na kamba koche ambao bado hawajashuka kwenye miamba. Wote hao huhesabiwa katika planktoni, yaani viumbe wanaokwenda mkondo unakokwenda kwa sababu hawana nguvu ya kushindana na maji.

Udogo huo usimdanganye mtu. Dagaa wa baharini wanaovuliwa kwa taa usiku wa giza katika pwani ya Tanzania na Kenya hunenepa kwa planktoni, na kopepodi ni sehemu kubwa ya mlo wao. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hukusanyika karibu na Kilindoni katika kisiwa cha Mafia kufuata makundi mazito ya kamba wenye urefu wa sentimita moja hivi. Katika bahari inayozunguka Antaktika kuna krili aitwaye Euphausia superba, ambaye uzito wa wote kwa pamoja ulikadiriwa mwaka 2009 kufikia takriban tani milioni 379. Pengwini, sili na nyangumi wa huko humtegemea yeye.

Kumjua anayemla kopepodi si kazi ngumu, kwani tumbo la dagaa likipasuliwa hujieleza lenyewe. Ugumu uko upande wa pili: kopepodi mwenyewe anakula nini? Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilitoa jibu la mkato, kwamba mwani wa chembe moja huliwa na kopepodi, na kopepodi huliwa na samaki. Jibu hilo lina ukweli, lakini limeacha mengi nje. Mwaka 1981 Mimi Koehl na Rudi Strickler walionyesha, kwa picha za filamu zilizopigwa kwa kasi kubwa, kwamba kopepodi hachuji maji tu kama ilivyodhaniwa. Hupiga maji kwa miguu ya mdomoni, akavuta tone lenye chembe anayoitaka, akalibana na kuyakamua maji yake. Mnyama anayekula namna hiyo ana uwezo wa kuchagua, na mwenye kuchagua hawezi kujulikana chakula chake kwa kupima tu kilichomo baharini.

Njia za zamani za kuchunguza jambo hili zilifika mbali kwa kadiri zilivyoweza. Ya kwanza ni kufungua utumbo chini ya hadubini. Diatomu, ambazo ni mwani wa chembe moja wenye ganda la silika, huacha vipande vya ganda vinavyotambulika. Lakini meno ya kopepodi wengi nayo yana ncha za silika, na chakula hufika tumboni kimesagwa. Kiumbe laini asiye na ganda, kama vile siliati, hugeuka uji asiache alama yoyote. Matokeo yake ni kwamba kwa muda mrefu wenye maganda walionekana kuwa chakula kikuu kwa sababu tu ndio walioacha mabaki. Njia ya pili, iliyoanza kutumika mwaka 1976, hupima mng'ao wa klorofili tumboni. Ni ya haraka na ya bei nafuu, ila haioni kitu kisicho cha kijani. Njia ya tatu ni kumfungia kopepodi katika chupa ya maji ya bahari na kuhesabu kilichopungua baada ya saa kadhaa. Lakini chupa si bahari, na mfungwa hali kama aliye huru. Isotopu za kaboni na naitrojeni, pamoja na asidi za mafuta, huonyesha mwelekeo wa chakula cha wiki nyingi, bila kutaja jina la kiumbe yeyote aliyeliwa.

Vinasaba vilileta kilichokosekana, yaani jina. Karibu kila chembe ya kiumbe hai hubeba DNA, iwe na ganda au isiwe nalo, iwe ya kijani au isiwe na rangi. Chakula kinaposagwa, sehemu ya DNA hiyo hubaki vipande vipande kwa muda kabla ya vimeng'enya kuimaliza. Kinachotakiwa ni kuchagua kipande cha jeni kinachopatikana kwa wote lakini kinachotofautiana kati ya spishi na spishi. Inayotumika sana kwa planktoni ni jeni ya 18S, inayohusika na utengenezaji wa ribosomu katika viumbe wote wenye kiini cha chembe. Baadhi ya maeneo yake karibu hayatofautiani, kuanzia diatomu hadi binadamu. Mengine hubadilika sana. Yale yasiyobadilika hutumika kuishika jeni, na yale yanayobadilika hutumika kumtambua mwenyewe. Kwa wanyama hutumika pia jeni ya mitokondria iitwayo COI, ambayo Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alipendekeza mwaka 2003 iwe kitambulisho cha kawaida cha spishi za wanyama.

DNA ya chakula iliyomo katika utumbo wa mnyama wa milimita tatu ni kidogo mno kusomwa moja kwa moja, hivyo hurudufishwa kwa mbinu ya PCR, ambayo Kary Mullis aliibuni mwaka 1983 na kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Mchanganyiko hupashwa joto hadi karibu nyuzijoto 95 za Selsiasi ili nyuzi mbili za DNA ziachane. Kisha hupozwa ili vipande vifupi vya kuanzishia, viitwavyo praima, vinate mahali vinapolingana na jeni, na kimeng'enya huendelea kutoka hapo kujenga nakala. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu. Mizunguko 30 ikienda sawasawa, kipande kimoja huzaa nakala zaidi ya bilioni moja.

Mwaka 2003 Jens Nejstgaard na wenzake walichapisha jaribio lililofungua njia kwa kopepodi. Calanus finmarchicus walilishwa mwani wa aina inayojulikana, kisha watafiti wakatafuta DNA ya mwani huo tumboni na katika kinyesi. Ilipatikana kotekote. Hilo la kinyesi lina uzito wake, kwani vipande vya kinyesi cha kopepodi huzama na kuchukua kaboni kutoka tabaka la juu la bahari hadi vilindini, na kujua kilichomo ndani yake ni kujua ni kaboni ya nani inayozama. Hatua iliyofuata, mwaka 2008, ilikuwa kutumia PCR inayopima kiasi badala ya kuonyesha uwepo peke yake. Hapo kikajitokeza kikwazo ambacho hakijaisha hadi leo: DNA iliyopimwa ilikuwa pungufu ya chakula kilicholiwa, kwa kuwa mmeng'enyo huanza kuiharibu mara tu inapomezwa. Katika maji ya joto chakula humaliza safari yake ndani ya kopepodi kwa chini ya saa moja. Mwenye kuchunguza anaona mlo wa dakika chache zilizopita, wala si wa jana.

Kwa sababu hiyo kazi yote hutegemea mwendo wa mikono kwenye sitaha. Kimia cha planktoni, chenye matundu ya mikromita 200 hivi, huvutwa majini kwa muda mfupi. Kikikawia, wanyama waliosongamana katika kikombe cha mwisho wa kimia huanza kutafunana, na matumbo yao yatasimulia yaliyotokea ndani ya kimia, wala si baharini. Kikombe kikimiminwa, huongezwa maji ya soda. Kaboni dayoksaidi iliyomo huwalevya kopepodi wasitapike wala kunya kwa hofu. Kisha huwekwa juu ya barafu, na mara moja hutiwa katika ethanoli au hugandishwa katika naitrojeni ya kimiminika. Maabarani, chini ya hadubini, kila mmoja huokotwa kwa kibanio chembamba, hutambuliwa spishi yake, na huoshwa mara kadhaa katika maji safi yaliyochujwa, kwa maana mwani ulionata kwenye papasi au miguuni ungehesabiwa kuwa umeliwa. Maji ya mwisho ya kuoshea nayo hupimwa. Yakikutwa na DNA ya mwani, uoshaji haukutosha. Chupa isiyotiwa mnyama yeyote hupitishwa hatua zote zile zile, ili uchafu wa maabara wenyewe ujulikane. Tafiti zisizoonyesha vipimo hivi viwili hazistahili kuaminiwa, hata kama orodha zake za vyakula zinavutia.

Krili wa Antaktika hufikia sentimita sita na tumbo lake linaweza kukatwa na kutolewa. Kopepodi ni mdogo mno kwa upasuaji wa kila siku, hivyo mara nyingi husagwa mzima, na hapo ndipo linapotokea tatizo kubwa la fani hii. DNA ya mlaji hufunika ya mliwaji. Praima zinazowakamata viumbe wote humkamata na kopepodi mwenyewe, tena yeye ndiye mwenye DNA nyingi na nzima, wakati ya chakula chake imekatikakatika. PCR humpendelea aliye mwingi. Mashine inayosoma nakala hizo hutoa maelfu ya mifuatano ya herufi za DNA, na karibu yote ni ya kopepodi, ambaye jina lake lilijulikana tangu mwanzo.

Hege Vestheim na Simon Jarman walitoa dawa ya tatizo hilo mwaka 2008, kwa kutumia krili wa Antaktika. Walitengeneza praima ya ziada inayolingana na DNA ya krili peke yake, ikaingiliana kidogo na mahali panaponata praima ya kawaida. Mwisho wa praima hiyo uliwekewa kizibo cha kemikali, hivyo kimeng'enya hakiwezi kuirefusha. Inanata kwenye DNA ya krili, inaziba nafasi, na nakala hazijengwi. Diatomu au kopepodi aliyeliwa hana mfuatano unaolingana na kizuizi hicho, kwa hiyo DNA yake hurudufishwa bila pingamizi. Katika michanganyiko ya majaribio, hata DNA ya krili ilipozidi ile ya chakula mara 1,000, nakala za krili zilishuka hadi zisionekane, na chakula ambacho hapo kabla hakikuonekana kabisa kikajitokeza wazi. Kisha mbinu hiyo ikatumiwa kwa matumbo ya krili waliokamatwa majira ya baridi, wakati mwani wa juu ni haba na swali la wanaishi kwa kula nini lina uzito mkubwa kuliko majira yoyote. Baadaye wengine walitumia vizuizi vya PNA, molekuli iliyoundwa kwa mkono wa binadamu ambayo hunata kwenye DNA kwa nguvu zaidi, kwa kazi ile ile.

Kizuizi hicho kina gharama yake. Spishi zenye udugu wa karibu hufanana mfuatano, hivyo anapozuiwa mlaji, ndugu zake aliowala wanaweza kuzuiwa pamoja naye. Na kopepodi aliyemla kiluwiluwi wa spishi yake mwenyewe, jambo linalotokea, hawezi kugunduliwa kwa njia hii hata kidogo. DNA ya mlaji na ya mliwaji ni moja.

Mashine za kisasa za kusoma mamilioni ya mifuatano kwa mpigo zimeondoa haja ya kubashiri kabla. Zamani mtafiti alilazimika kuuliza kama mwani fulani umo au haumo. Sasa huuliza waliomo ni akina nani, na majibu mengine yamewashangaza waliouliza. Katika Ghuba ya Maine, Marekani, utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha krili wa Atlantiki wakila mashapo ya sakafu ya bahari, wakati wanyama hao walijulikana kama wakazi wa maji ya kati na ya juu. Katika Bahari ya Baltiki, uchunguzi wa mwaka 2013 ulikuta ndani ya kopepodi na jamaa zao DNA ya sianobakteria wadogo wasiofikia mikromita mbili. Kwa hesabu za kimaumbile, chembe ndogo namna hiyo ingepaswa kumponyoka kopepodi. Kazi zilizofuata katika bahari hiyo hiyo, zikiongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm, zilionyesha kwamba spishi zinazoogelea pamoja katika maji yale yale hazigombei sahani moja. Kila moja ina mchanganyiko wake wa chakula, na viumbe wadogo kuliko kopepodi, kama rotifera na siliati, wamo katika mtandao huo wakila na kuliwa.

Mfano wenye manufaa ya karibu ni wa kamba koche. Kiluwiluwi wake ni bapa na angavu kama kioo, miguu mirefu myembamba, na huelea baharini miezi mingi kabla ya kuwa kamba. Kumlea katika matangi ni kazi ngumu. Wajapani walifanikiwa kumfikisha mwisho wa hatua hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya jitihada za miongo mingi, na mpaka leo chakula ni kimojawapo cha vikwazo vikubwa. Chakula chake cha asili kilikuwa fumbo kwa sababu kinachokutwa tumboni ni ute usio na umbo. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walisoma jeni ya 18S kutoka katika viungo vya mmeng'enyo vya viluwiluwi waliokamatwa baharini, na miongoni mwa waliotokea walikuwamo konyeza na viumbe wengine laini, pamoja na samaki. Huenda sehemu ya ute ule ilikuwa nyama ya konyeza. Kamba koche wanaovuliwa Lamu, Kilwa na Unguja ni wa jenasi hiyo hiyo, Panulirus, na viluwiluwi wao huishi maisha ya namna hiyo katika Bahari ya Hindi. Anayetaka kuwafuga hana budi kuanzia na swali hilo hilo.

Jibu la "samaki" katika orodha ile lafaa kutazamwa kwa makini, maana linaonyesha mahali ambapo vinasaba hunyamaza. DNA haisemi kama kiluwiluwi alikula yai la samaki, kichanga wake, mzoga uliokuwa ukizama au kinyesi. Haisemi pia kama samaki huyo aliliwa kwanza na konyeza, na konyeza akaliwa baadaye. Wale sianobakteria wa Baltiki wanaweza kuwa wamekamatwa wenyewe, wamemezwa wakiwa wameshikana katika vidonge vya uchafu, au wameingia wakiwa ndani ya siliati. Kuna na vimelea. Sampuli za planktoni hujaa DNA ya viumbe wadogo wanaoishi kwa kunyonya wengine, na mfuatano wa kimelea aliyekuwa akimla kopepodi hutoka katika mashine ukiwa sawa kabisa na ule wa windo. Mtafiti asiyejua maisha ya kila kiumbe katika orodha yake ataandika adui kuwa chakula.

Hatari zaidi ni tarakimu. Mashine ikitoa asilimia 60 ya mifuatano kuwa ya dinoflajelati, kundi la viumbe wa chembe moja, ni rahisi kuandika kwamba asilimia 60 ya chakula ni dinoflajelati, na wapo walioandika hivyo. Lakini nakala za jeni ya 18S katika chembe moja hutofautiana mno: mwani mdogo sana unaweza kuwa na chache, dinoflajelati mkubwa akawa na maelfu mengi. Praima nazo hunata vizuri kwa wengine na vibaya kwa wengine, na mmeng'enyo hauharibu DNA ya kila windo kwa kasi moja. Hivyo asilimia za mifuatano zafaa kulinganisha spishi ile ile kati ya mahali na mahali au majira na majira, zikitumika kwa uangalifu. Kuzigeuza kuwa gramu za chakula hakuna msingi. Ndiyo maana tafiti bora huzirudia njia za zamani: chupa kwa ajili ya kasi ya kula, isotopu na asidi za mafuta kwa ajili ya yale yaliyojenga mwili kwa muda mrefu, na vinasaba kwa ajili ya majina.

Majina yenyewe hutoka katika kanzidata. Mfuatano uliosomwa hulinganishwa na ile iliyohifadhiwa, na usipokuwa na mwenzake huishia kuitwa "diatomu" au "kopepodi" bila zaidi. Bahari za Ulaya na Amerika ya Kaskazini zimewakilishwa vizuri katika hifadhi hizo kuliko bahari za kitropiki, ambako spishi ni nyingi na wataalamu ni wachache. Kujaza pengo hilo katika magharibi ya Bahari ya Hindi hakuanzii kwenye mashine, bali kwa kielelezo kilichotambuliwa kwa uhakika chini ya hadubini na kutunzwa, kisha jeni yake ndipo isomwe. Kwa kopepodi wengi utambuzi huo hutegemea jozi ya tano ya miguu, ambayo hukatwa kwa sindano, hulazwa juu ya kioo na kuchorwa pingili kwa pingili, spishi moja baada ya nyingine.